Arthur Lewis, profesa aliyeielewa foleni ya vibarua

Kama umewahi kurauka saa kumi usiku ukatembea kutoka Mukuru hadi lango la kiwanda Industrial Area, keti hapa kidogo, stori ya leo inakuhusu. Unajua vile huwa. Mnafika vijana kama mia hivi, baridi inauma, na lango halifunguliwi hadi saa moja. Likifunguliwa anatoka jamaa na karatasi, anahesabu vichwa ishirini, wengine mnaambiwa mjaribu kesho. Mimi foleni hiyo niliipanga miezi minne, mwaka ule karo iliponishinda nikaachana na koleji.

Siku moja nilibahatika kuingia. Wakati wa githeri, jamaa mmoja mwenye miaka yake pale akamuuliza supavaisa mbona pesa ya siku ni ileile ilhali mashine zimeongezwa na mzigo unaotoka ni mara dufu. Supavaisa hakusema kitu. Alinyoosha kidole tu kuelekea langoni, ambako waliokosa asubuhi walikuwa bado wameketi kando ya barabara wakingoja mtu augue au afutwe. Yule jamaa akarudi kwa githeri yake.

Kidole kile, msomaji wangu, kina nadharia yake. Iliandikwa mwaka 1954 na profesa mweusi kutoka kisiwa ambacho ni kidogo kuliko kaunti ya Nairobi, na miaka 25 baadaye akapewa Tuzo ya Nobel ya uchumi. Anaitwa William Arthur Lewis. Koleji nilisomeshwa uchumi mihula miwili na jina lake sikulisikia hata siku moja. Nilikutana nalo baadaye, nikijisomea kwa simu, na nilikasirika kidogo. Huyu si mtu wa kufichwa.

Alizaliwa Januari 23, 1915, mjini Castries, kisiwa cha Saint Lucia huko Karibea, enzi za Mwingereza. Wazazi wake, George na Ida, walikuwa walimu waliohamia pale kutoka Antigua. Alikuwa mtoto wa nne kati ya wavulana watano. Alipokuwa na miaka saba aliugua akakaa nyumbani wiki nyingi, na baba yake akasema basi, nitamfundisha mwenyewe. Aliporudi shuleni walimu waligundua yuko mbele ya wenzake, wakamrusha kutoka darasa la nne hadi la sita. Baba huyohuyo ndiye aliyempeleka, angali mtoto hivyo, kwenye mkutano wa wafuasi wa Marcus Garvey.

Halafu baba akafa. Mama akabaki na wavulana watano, na kama mama yako ni wa aina hiyo unajua kilichofuata. Hakuna aliyelala njaa na hakuna aliyeacha shule kwa kukosa karo.

Lewis alimaliza masomo ya sekondari akiwa na miaka 14. Sasa hebu fikiria: umemaliza kila kitu kisiwani na bado hujafikisha umri wa kufanya mtihani wa ufadhili wa kwenda Uingereza. Akaajiriwa kama karani serikalini. Kuandika barua, kupiga taipu, kupanga mafaili. Kazi ya kuchosha, lakini alikuja kusema ndiyo iliyompa nidhamu ya kuandika. Mwaka 1932 akafanya mtihani, akashinda.

Hapa ndipo ninapompenda huyu mtu. Ndoto yake ilikuwa uhandisi. Alitaka kujenga vitu. Lakini alipiga hesabu akaona kwamba serikali ya kikoloni haiajiri mhandisi mweusi, na mashamba makubwa ya miwa hayaajiri mhandisi mweusi. Kijana mweusi mwenye akili alitarajiwa awe wakili, daktari, mwalimu au mhubiri, na yeye hakutaka hata moja. Akatazama orodha ya kozi akaona biashara. Ndani yake mlikuwa na somo la uchumi, ambalo yeye hakujua ni mdudu gani. Alidhani atajifunza mambo ya uhasibu na sheria za biashara, arudi nyumbani atafute kazi kwenye baraza la mji. Yaani sayansi ya uchumi ilimpata Lewis kwa sababu uhandisi ulimfungia mlango.

Alifika London School of Economics mwaka 1933, akiwa na miaka 18. Miaka hiyohiyo chuoni hapo alikuwako pia Mkenya mmoja aliyekuwa akisomea mila na desturi za watu chini ya profesa Malinowski. Ndiyo, Jomo Kenyatta, ambaye kitabu chake kuhusu Wakikuyu kilitoka 1938. London ya wakati huo ilikuwa kama stejini kuu ya watu weusi waliotaka kuvunja ukoloni. Lewis alijiunga na chama cha watu weusi cha Dkt Harold Moody, akajuana na kina C. L. R. James na George Padmore. Ila yeye hakuwa mtu wa kelele. Alikuwa mtu wa takwimu.

Mwaka 1937 alimaliza akiwa na daraja la kwanza. Mwaka uliofuata chuo kikampa kazi ya mhadhiri msaidizi, mtu mweusi wa kwanza kufundisha pale. Wakubwa wa chuo walikubaliana kwamba anafaa, lakini wakaona haja ya kujieleza kwa maandishi kwa bodi kuhusu rangi yake, kana kwamba wameleta simba darasani. Mwaka 1940 akapata shahada ya uzamifu chini ya Arnold Plant, mtu aliyeamini soko huria kwelikweli, ilhali mwanafunzi wake alikuwa na siasa za kisoshalisti. Walielewana tu. Siku hizi sisi tungetukanana mtandaoni kabla ya saa nne asubuhi.

Utafiti wake wa kwanza haukuwa wa Afrika wala wa umaskini. Alichunguza viwanda vya Uingereza: kwa nini kampuni za meli humpa punguzo mteja asiyewahama, na umeme utozwe vipi wakati gharama kubwa ni kujenga mitambo, si kuiendesha. Mwaka 1941 aliandika kuhusu bei ya sehemu mbili, yaani ada isiyobadilika pamoja na malipo ya kila kipimo unachotumia. Ukiona bili ina ada ya kila mwezi hata kama hukuwasha taa, ujue kuna wasomi waliolikalia jambo hilo chini wakalipigia hesabu, na Lewis ni mmoja wao.

Kando ya hayo alikuwa akiandika kuhusu kwao. Miaka ya 1930 visiwa vya Karibea viliwaka kwa migomo ya wakata miwa na wafanyakazi wa bandarini, na mwaka 1939 Lewis alichapisha kijitabu kuwatetea. Wakati wa vita alihudumu kama katibu wa kamati ya uchumi katika Wizara ya Makoloni huko London, kisha akajiuzulu mwaka 1944 alipoona wakubwa hawana haraka ya kuendeleza koloni lolote.

Rangi haikumwacha. Chuo Kikuu cha Liverpool kilimkataa kwa kiti cha uprofesa mwaka 1947 kwa hofu ya jinsi mtu mweusi atakavyopokewa. Mwaka uliofuata Manchester wakamchukua. Akawa profesa kamili akiwa na miaka 33, na ndiye anayetajwa kuwa profesa wa kwanza mweusi katika vyuo vikuu vya Uingereza. Mwaka huo wa 1947 alikuwa ameoa Gladys Jacobs, mwalimu kutoka Grenada, wakaja kupata mabinti wawili. Na huko Manchester hakujifungia ofisini. Wahamiaji weusi walikuwa wakimiminika mitaa ya Moss Side na Hulme, hawana kazi ya maana, hawana cheti, na yeye alihangaika hadi kukapatikana kituo cha masomo ya jioni kwa ajili yao.

Darasani nako alikuwa na wanafunzi kutoka Asia na Afrika waliomuuliza maswali ambayo vitabu vya Uingereza havikujibu. Nchi maskini inatajirika vipi? Lewis alikuwa na mafumbo mawili yaliyomkera kwa miaka. La kwanza: katika mapinduzi ya viwanda ya Uingereza, faida za wenye viwanda zilipaa kwa nusu karne hivi, lakini ujira halisi wa wafanyakazi ukabaki palepale. Kwa nini? La pili: kwa nini chuma ni ghali na kahawa ni rahisi? Mkata miwa wa Karibea alikuwa akitoa sukari nyingi zaidi kila muongo, na bado alitembea bila viatu na kulala kwenye kibanda, wakati mkulima wa ngano wa nchi za baridi aliishi vizuri kuliko karibu kila mtu duniani.

Mnamo Agosti 1952 alikuwa akitembea barabarani Bangkok, Thailand, jibu likamjia. Kosa lilikuwa moja tu. Vitabu vilidhani wafanyakazi ni wachache na kila kiwanda kinawagombania. Lakini katika nchi kama za kwetu wafanyakazi hawaishi. Wamejaa mashambani, ndugu watano kwenye ekari ambazo wawili wangezimaliza. Wamejaa mjini pia. Aliwataja kabisa: vibarua wa bandarini, vijana wanaokukimbilia ukishuka na mzigo wako, watunza bustani wa siku mojamoja, wachuuzi waliopangana na kila mmoja akiuza kidogo. Mimi niliposoma hapo niliona stejini ya Machakos na vijana wakivutania begi la mgeni. Alikuwa ametuona.

Sasa fuata hesabu yenyewe, haina ugumu. Mwenye kiwanda anataka watu. Atawalipa nini? Hahitaji kuwalipa thamani ya wanachotengeneza. Anahitaji kuwapa zaidi kidogo ya kile wangekipata kama wangebaki shambani. Lewis alikadiria kwamba pengo hilo huwa asilimia 30 au zaidi, kwa sababu mjini kuna kodi ya nyumba na nauli, na mtu lazima ashawishike kuondoka kwao. Basi. Mashine zikiongezwa, bidhaa zitaongezeka, faida itaongezeka, lakini ujira utakaa hapohapo mradi foleni ingali ndefu.

Mamangu ana ekari mbili kule Mwingi. Mwaka mzuri zinatoa magunia machache ya mahindi na pojo, mwaka mbaya zinatoa vumbi. Kwa mujibu wa Lewis, pesa niliyolipwa kiwandani haikupangwa na supavaisa wala na mashine. Ilipangwa na ekari zile mbili, na mamilioni ya ekari kama zile. Rudia sentensi hiyo polepole. Mimi ilinichukua siku mbili kuikubali.

Makala yenyewe yalitoka Mei 1954 kwenye jarida la Manchester, na hayana hesabu za kutisha. Hoja yake kuu ni kwamba nchi huondoka kwenye umaskini pale inapoacha kuweka akiba ya asilimia 4 au 5 ya mapato yake na kufikia 12 hadi 15. Akiba hiyo hutoka kwenye faida, si kwa maskini. Faida ikirudishwa kujenga viwanda zaidi, foleni inafupika, hadi siku moja inaisha. Hapo ndipo mwajiri anaanza kubembeleza na mishahara inapanda kwa kasi. Wanauchumi wanaiita siku hiyo kwa jina la Lewis, na miaka ya karibuni wamebishana sana kama China imeifikia.

Na kuna sehemu ambayo kila Mkenya anapaswa kuijua. Lewis aliandika wazi kwamba katika Afrika wakoloni hawakuachia foleni ijitengeneze yenyewe. Waliitengeneza. Walichukua ardhi, walilazimisha watu kazi, walitoza kodi ili mtu ashindwe kukaa kwake. Shamba la Mwafrika likidhoofika, bei ya kibarua inashuka. Kumbuka aliandika hayo 1954, wakati hapa kwetu hali ya hatari ilikuwa imetangazwa na watu wa kodi ya kibanda na kipande walikuwa wakizungushiwa nyaya. Hakuwa akiandika kuhusu Kenya pekee, lakini babu zetu wangeitambua picha ile bila mkalimani.

Mwaka 1955 alitoa kitabu kikubwa kuhusu nadharia ya ukuaji wa uchumi, na ghafla kila serikali changa ilimtaka. Gold Coast ilikuwa imemtangulia kumwita: mwaka 1953 aliwaandikia ripoti kuhusu viwanda, na jibu lake liliwashangaza. Aliwaambia waanze na chakula. Mkulima akivuna zaidi, atakuwa na pesa ya kununua bidhaa za kiwanda, na viwanda vitapata soko. Ukijenga kiwanda juu ya shamba lililokufa, umejenga mnara.

Ghana ilipopata uhuru mwaka 1957, Umoja wa Mataifa ulimtuma kuwa mshauri wa Kwame Nkrumah. Picha iliyoje! Msomi mweusi bora zaidi wa uchumi duniani kando ya kiongozi mweusi anayesifiwa kuliko wote. Haikudumu hata miezi 18. Nkrumah alitaka miradi mikubwa inayoonekana, haraka, kwa sababu watu walikuwa wanamtazama. Lewis alitaka maji, barabara za vijijini na mbegu. Nkrumah alikuwa mwanasiasa wa kubahatisha, Lewis alikuwa karani wa zamani asiyependa faili lisilofungwa. Mwisho wa 1958 alifunga virago. Mwaka 1965 alichapisha kitabu akizikosoa vikali serikali za chama kimoja za Afrika Magharibi, akisema jamii zenye makabila mengi zinahitaji kugawana madaraka. Mwaka uliofuata jeshi likampindua Nkrumah. Sidhani Lewis alifurahi.

Karibea nako alivunjika moyo. Aliongoza chuo cha West Indies kuanzia 1959, na kilipokuwa chuo kikuu kamili mwaka 1962 akawa mkuu wake wa kwanza. Mwaka huohuo muungano wa visiwa ukasambaratika, ingawa alizunguka kisiwa hadi kisiwa akisuluhisha. Malkia alimpa cheo cha Sir mwaka 1963, naye akaenda Princeton, Marekani, akafundisha huko miaka 20. Katikati alirudi Karibea kuanzisha benki ya maendeleo ya visiwa, akiwa rais wake wa kwanza mwaka 1970.

Uzeeni aligeukia historia. Mwaka 1978 alieleza jinsi dunia ilivyogawanyika mara mbili. Mwaka 1900 ekari ya ngano Uingereza ilitoa ratili 1,600, wakati ekari ya nafaka kwenye nchi za joto ilitoa 700. Mzungu aliyehamia Marekani au Australia hangekubali kazi inayolipa chini ya alichoacha kwao. Mhindi na Mchina waliosafirishwa kwenda kwenye migomba, miwa na raba walitoka kwenye mashamba ya ratili 700, wakalipwa kwa kipimo hicho. Ndiyo maana chai yetu ni rahisi. Jani halina kosa, kipimo ni kile anachoweza kupata mchumaji akikosa kazi ya kuchuma.

Je, alipatia kila kitu? Hapana. Theodore Schultz, aliyegawana naye Nobel mwaka 1979, alipinga kwamba kuna watu shambani wasio na faida. Alionyesha kwamba homa ya 1918 ilipoua watu India, kilimo kilishuka. Kamati iliwapa tuzo moja watu wawili wasiokubaliana, jambo ambalo mimi naliona zuri. Na pingamizi zito lilitoka hapa Nairobi. John Harris na Michael Todaro, waliokuwa wakitafiti katika chuo kikuu chetu, waliandika mwaka 1970 kwamba kijana haji mjini kwa sababu kazi ipo, huja kwa matumaini ya kuipata. Ukiongeza kazi mia, unaweza kuita watu mia tatu. Miaka miwili baadaye ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya ikasema wale wachuuzi na mafundi wa jua kali hawajakaa bure, wanatengeneza mali. Kwa hilo nakubaliana nao. Mama mboga wa kwetu akiondoka, mtaa mzima utalala njaa. Lewis hapo aliangalia akiwa ndani ya teksi.

Lakini kuhusu shamba, nionyeshe aliyemshinda.

Alikuwa mtu mweusi wa kwanza kupata Nobel isiyo ya amani. Derek Walcott, aliyepata ya fasihi mwaka 1992, alizaliwa Castries hiyohiyo, tarehe hiyohiyo ya Januari 23, miaka 15 baada yake. Saint Lucia nzima haifikishi watu laki mbili.

Alifariki Juni 15, 1991, nchini Barbados. Walimrudisha kwao, wakamzika kilimani juu ya Castries, ndani ya uwanja wa koleji inayoitwa kwa jina lake. Uso wake uko kwenye noti ya dola 100 ya visiwa vile, na wanafunzi wakielekea darasani hupita karibu na kaburi.